Taa ya Kumbikumbi

Vijana wa jikoni, mmeniomba niandike namna tulivyokuwa tunafukuza wadudu tulipopika na kulisha watu nje. Nitaandika. Nimestaafu juzi tu, nguo zangu bado zinanuka moshi wa mkaratusi hata zikifuliwa, na mchana kutwa sina kazi nyingine. Lakini msitegemee kwamba mtamaliza kusoma mkiwa na furaha. Karibu yote ninayoyajua kuhusu wadudu nilifundishwa na mtu mmoja, Papa Zihindula, na siwezi kueleza ujuzi wake bila kueleza ulimfikisha wapi.

Nilianza kazi katika nyumba ya wageni kando ya ziwa, hapa Bukavu, miaka ile serikali ilipotuondolea majina ya ubatizo na tai shingoni ikawa kosa. Ijumaa nilikuwa Déogratias, Jumatatu nikawa Balagizi. Mzungu mwenye nyumba alikuwa ameondoka, na nyumba ikapewa mwananchi ambaye hakuwahi kulala humo hata mara moja. Jiko la umeme la ndani liliharibika. Fundi alikuja, akalifungua, akaondoka na vipande vyake kwenda kutafuta spea. Tukaambiwa tupike nje, chini ya paa la mabati bustanini, kwa muda tu. Muda huo ulichukua maisha yangu yote ya kazi.

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa kisu. Nilipewa tawi. Mpishi mkuu alikuwa Papa Zihindula, mtu mfupi wa kijiji cha Nyantende, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Kwa jinsi alivyomchukia nzi, ungedhani nzi alimnyang'anya shamba. Alinisimamisha mbele ya mbuzi aliyechunwa, akasema, "Simama hapa. Nzi asiguse." Nikamuuliza mpaka saa ngapi. "Mpaka nyama iishe," akajibu, akaenda zake.

Nilipunga mpaka bega likafa ganzi, na nzi wakaongezeka. Aliporudi alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. "Weye unapiga upepo. Nzi haogope upepo, anacheza nayo. Tazama ku miguu yako. Ile damu iko inafanya nini pale?" Nyuma yangu palikuwa na dimbwi la damu ya mbuzi ambalo sikuliona. Akalimwagia majivu ya moto, akasugua kwa mfagio, akamwaga maji, akarudia majivu. Baada ya muda mfupi tawi langu halikuwa na kazi. Hilo ndilo somo la kwanza, nanyi mlishike: nzi hafukuzwi kwenye nyama, anafukuzwa kwenye uchafu ulio nyuma ya mpishi. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wasafishiwe mbali na jiko, upande ambao upepo unatoka kwenu kwenda huko, na matumbo yao yafukiwe papo hapo.

Moshi ulinichukua muda mrefu zaidi kuujua. Majani mabichi ya mkaratusi juu ya makaa yanafukuza mbu, lakini ukizidisha unafukuza na wageni. Mchaichai ni mpole zaidi, unafaa kwa watu wa suti. Maua makavu ya pareto, yaliyotwangwa na kuchanganywa na unga wa mbao, yanafaa pale ambapo hakuna chakula karibu. Papa Zihindula alikuwa na sheria yake: "Moshi ipite ku miguu ya mutu, isipande ku macho." Kwa hiyo tulifukiza kwenye vyungu vilivyotobolewa ubavuni, vikawekwa chini, upande wa upepo, na kila mara mmoja wetu alipita kuvigeuza maana upepo wa ziwa haukai mahali pamoja. Yeye mwenyewe alisimama katikati ya moshi huo maisha yake yote. Macho ya wageni yalipona kwa gharama ya macho yake, na sikuwahi kusikia mgeni akiuliza habari zake.

Siafu na sisimizi tuliwazuia kwa makopo. Kila mguu wa meza ulisimama ndani ya kopo la maziwa lenye maji na tone la petroli, yaani mafuta ya taa, juu. Kosa linalofanywa na kila mpishi mpya ni kuacha kitambaa cha meza kining'inie mpaka kwenye majani. Unaweka makopo manne, halafu unawajengea siafu ngazi ya kitambaa cheupe. Nyuki nao hatukuwafukuza, tuliwapa chakula chao. Tangu asubuhi tuliweka ndizi zilizoiva kupita kiasi karibu na ua, mbali kabisa, na wenyewe wakaenda huko wakaacha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na vinywaji vitamu vya meza. Wasomi wa Lwiro, wale wanaochunguza wadudu, walikuja mara mojamoja kula kwetu siku za Jumapili. Niliwaonea huruma, maana hawakupata hata mdudu mmoja wa kuchunguza.

Nakumbuka arusi moja ambapo mjomba wa bibi arusi alikataza moshi kwa sababu ya suti yake mpya. Papa Zihindula hakubishana. Alikwenda akaondoa chungu kimoja tu, kile kilichokuwa karibu na kiti cha mjomba. Mjomba alijikuna mpaka akavua koti, kisha akaja jikoni mwenyewe kuomba chungu kirudishwe. Tulicheka jioni ile. Naliandika jambo hili kwa sababu nataka mjue kwamba mtu huyo alikuwa anacheka.

Sasa kumbikumbi. Kumbikumbi hawana ubaya, hata watoto wetu wanawala kwa chumvi. Wanatoka ardhini baada ya mvua za kwanza, jua likizama, na wanakwenda kwenye mwanga. Moshi hawaujali. Wakiingia kwenye karamu wanadondosha mabawa ndani ya mchuzi, wanatambaa kwenye bugali, wanaingia kwenye nywele za akina mama. Dawa ni moja. Unazima taa zote za mezani papo hapo. Mwenzako anakimbia na taa ya petroli hadi mwisho wa bustani, anaiwasha juu ya beseni la maji. Kundi lote linakwenda huko, linaangukia majini. Unangoja kidogo, unawasha taa za mezani, watu wanakula. Asubuhi unakaanga kumbikumbi. "Taa kwanza, maneno nyuma," Papa Zihindula alisema kila mwaka mvua zilipokaribia, maana ukisimama kueleza, sahani zimeshajaa. Tulifanya hivyo mara nyingi sana hata haikuwa tena kitu cha kufikiri. Yeye kwenye swichi, mimi kwenye taa ya petroli.

Kisha ikaja karamu ya mkubwa kutoka Kinshasa. Jina lake halina haja hapa, maana yeye mwenyewe jioni ile hakufanya baya lolote isipokuwa kusema kwa muda mrefu. Msimamizi wetu, Citoyen Lukogo, alitaka balbu zitundikwe juu ya meza kuu, nyingi, kutoka mti hadi mti. Zamani zile hapakuwa na Monsieur, kila mtu alikuwa Citoyen, yaani mwananchi, hata aliyekuwa anakutukana.

"Papa, mukubwa lazima aonekane," Lukogo alisema. "Batu ba foto banakuya."

"Hakuna shida," Papa Zihindula akajibu. Alitazama milima ya upande wa Kabare, akatazama ziwa. "Mvua iko mbali. Bila mvua kumbikumbi hawatoke."

Alisema hivyo mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Mtu yule alisoma mawingu vizuri, na mara moja tu katika miaka yangu yote pamoja naye alikosea. Alasiri ikanyesha mvua fupi, nzito, ya kwanza tangu kiangazi kianze. Tulipangusa viti, mbingu ikatakata, jua likatoka tena. Kila mtu alisema ni baraka. Papa Zihindula alikwenda kuangalia kama taa yangu ya petroli ina mafuta.

Wageni walifika wakati giza linaanza kuingia. Vikundi vya kuimba na kucheza sifa za nchi vilicheza. Vifuniko vya vyakula viliondolewa kabla ya hotuba, kwa sababu wapiga picha walitaka sambaza waonekane. Mkubwa akasimama, na sheria ilikuwa kwamba mkubwa akisema hakuna anayesogea. Ndipo wakaja. Kwanza wachache kwenye balbu, kisha wengi kuliko nilivyowahi kuona. Waliangukia mezani, mabegani, kwenye vikombe. Mkubwa aliendelea kusoma karatasi yake huku akipuliza mabawa midomoni, na watu wote mbele yake walikaa wima wakijifanya hawaoni kitu.

Papa Zihindula hakuwaza. Nataka hili mlielewe, kwa sababu wale waliomhoji baadaye hawakulielewa kamwe. Swichi ilikuwa kwenye ukuta nyuma ya jiko, naye alikuwa amesimama hapo. Mkono wake ulikwenda wenyewe, na wakati huohuo akasema, "Balagizi, taa!" Miguu yangu nayo ikaenda yenyewe. Nilikimbia gizani hadi ukingo wa ziwa, nikawasha taa juu ya beseni, na kumbikumbi wakaanza kunijia kama kawaida. Nilikuwa nimeridhika. Nilifikiri kazi imekwenda vizuri.

Kisha nikasikia viti vinaanguka, akina mama wanapiga kelele, na bunduki zinakokiwa. Mji wetu ulikuwa umeshaona vita, na giza la ghafla juu ya mkubwa lilikuwa na maana moja tu kwa walinzi wake. Walimlaza chini, wakamlalia. Lukogo alipofika kwenye swichi na kuwasha taa, mkubwa alikuwa kifudifudi kwenye majani yenye maji, na abakosti yake, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, ilikuwa na tope gotini. Nimelifikiria goti lile miaka mingi. Bila tope lile pengine tungepigwa makofi tu, mambo yakaisha.

Papa Zihindula alijitokeza mwenyewe, akijifuta mikono kwenye eproni. Alikuwa anatabasamu. "Ni miye, Citoyen. Ni juu ya kumbikumbi. Sasa wameenda, muko huru kukula." Alikuwa anangoja kushukuriwa. Askari mmoja alimpiga kwa kitako cha bunduki kabla hajamaliza kutabasamu.

Mwingine akaona mwanga wangu. "Na ile taa kule ku ziwa? Inaita nani? Mashua iko wapi?"

Ng'ambo ya maji kuna Rwanda, kila mtu anajua. Nilikuwa bado nimesimama gizani nyuma ya taa. Papa Zihindula akasema kutoka chini alipokuwa, "Ile pia ni miye. Niliiacha kule mbele ya karamu kuanza." Wakampandisha kwenye gari na eproni yake. Baadaye watu walikaa, mkubwa akabadilishiwa suruali, chakula kikaliwa. Alisifu sambaza. Kwenye sahani yake hapakuwa na mdudu hata mmoja.

Kesho yake nilikwenda ofisini walikomfunga. Nilifikiri ushahidi ni rahisi, kwani beseni lilikuwa bado limejaa. Nilipofika jikoni asubuhi nilikuta wenzangu wameshakaanga nusu, maana ndivyo tunavyofanya na kumbikumbi siku zote, na hakuna aliyefikiri siku hiyo ni tofauti. Nilichukua waliobaki. Mlangoni askari wawili walifunua beseni, wakauliza kama kuna chumvi. Nilipoingia kwa ofisa nilikuwa na mabawa tu.

"Weye unaleta wadudu mu biro ya serikali?" aliniuliza.

Nikamweleza yote: mvua, balbu, swichi, beseni. Nikamwambia kwamba taa ya ziwani niliiwasha mimi. Alinisikiliza bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Kumbe muko wawili," akasema. "Mumoja anazima, mumoja anawasha. Hiyo ndiyo ishara yenyewe."

Alimwita Papa Zihindula aletwe. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Hakuniangalia. "Huyu? Huyu anaosha masahani," akasema. "Alikuwa analala nyuma ya magunia ya makala. Anataka jina, anataka batu baseme na yeye eko mutu. Mufukuze, Citoyen, anawapotezea saa." Ofisa akacheka, nikatolewa nje kwa teke. Katika miaka yetu yote hakuwahi kuniita mwosha sahani. Nilirudi njia nzima nikilia mbele za watu na sikuona aibu.

Nilijaribu tena. Nilimwomba Lukogo aende aseme, naye akasema ana watoto. Hakusema uongo, alikuwa nao. Nilimwendea padri, akaenda, akaambiwa jambo hilo si la parokia. Maman Nsimire, mke wa Papa Zihindula, alipeleka chakula kila siku kutoka Nyantende kwa miguu, na kila siku hakujua nani amekila. Ninyi vijana mnasema ukweli haufichiki. Mimi niliubeba ukweli kwenye beseni mpaka mezani kwa ofisa, na haukusaidia kitu.

Alikaa ndani msimu wote wa mvua. Hakushtakiwa, hakuhukumiwa. Asubuhi moja walimwambia aende nyumbani, kama mtu anavyomwambia mteja kwamba duka limefungwa. Lukogo hakuthubutu kumrudisha kazini, nafasi yake nikapewa mimi. Nilisimama kwenye swichi ile miaka yote iliyofuata. Sikuzima tena taa kabla ya kuomba ruhusa. Nilipopewa ruhusa sahani zilikuwa zimeshajaa, na wageni walisema jiko letu limeshuka. Walisema kweli.

Jumapili moja baada ya misa nilikwenda Nyantende kumwona. Nilikuwa nimechelewa kwenda, kwa sababu sikujua nitamwambia nini. Maman Nsimire alinipokea vizuri, akanikalisha nje mbele ya nyumba, ambapo mumewe alikuwa anakula. Alikuwa amekonda. Alinisalimu kwa jina, akaniuliza habari za jiko, kama bado tunapata makaa mazuri, kama mchaichai wa nyuma umeshika. Sauti ilikuwa ileile, nikaanza kupata moyo.

Kisha nikaona sahani yake. Kulikuwa na bugali, mboga za lengalenga na sambaza, na juu yake nzi, wengi, wametulia kabisa. Alimega bugali katikati yao, akachovya, akala. Mmoja alitembea juu ya mdomo wake, akasubiri, akaingia pembeni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya goti, haukusogea hata kidogo. Ng'ambo ya njia majirani walikuwa wamekaa kwenye kibaraza chao wakizungumza, wala hawakutuangalia.

Nilivunja tawi la kichaka kilichokuwa karibu, nikainama juu ya sahani, nikaanza kupunga. Sikuweza kuvumilia. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea, akaangalia upande wa majirani, kisha akaniambia kwa sauti ya chini sana.

"Weka chini, Balagizi. Hapana kupunga. Watasema tunapeana ishara."

Nikaweka tawi chini. Maman Nsimire alileta sahani yangu, nikala pamoja na mumewe, nami pia sikuinua mkono.